MAJI, POSHO NA MZEGA: VYOMBO VYA NJIA YA KIGWA
(Somo la historia kwa vikundi vya elimu ya watu wazima)

Ukisoma habari za Unyamwezi wa karne ya 19 mara nyingi utakuta majina makubwa: Mirambo wa Urambo, Isike wa Unyanyembe, Waarabu wa Kazeh, na Wazungu waliokwenda kutafuta chanzo cha mto Nili. Leo nataka tuwaweke hao kando kidogo tutazame kibuyu.

Usicheke. Tafadhali tazama nyumbani mwako vyombo vinavyobeba chakula na kinywaji, kama ndoo, sinia, ungo, kapu na hotpoti, kisha jiulize ungechagua vipi kama ungetakiwa kutembea navyo kwa miguu kutoka Bagamoyo hata Tabora. Swali hilo liliulizwa na maelfu ya watu wa nchi hii, na majibu yao yalikuwa ya akili sana.

Kigwa iko mashariki ya mji wa Tabora, na siku hizi imo katika Wilaya ya Uyui. Zamani za misafara palikuwa pahali pa kituo katika njia kuu. Njia hiyo ilitoka pwani, ikapita Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali lenye Jiwe la Mkoa katikati yake, ikaingia Unyamwezi kwa Tura, kisha Rubuga, kisha Kigwa, hata kufika Kazeh, yaani Tabora. Mwingereza Richard Burton na mwenzake John Speke walipita Kigwa mwanzoni mwa Novemba 1857, na tarehe 7 ya mwezi huo wakaingia Kazeh. Ilikuwa siku ya 134 tangu kuondoka pwani, na mwendo wenyewe Burton aliukadiria kuwa si chini ya maili 600. Kwa siku zote hizo watu wale walikula na kunywa, na walichokula na kunywa kilipaswa kuwa ndani ya kitu.

Sasa chukua kalamu tufanye hesabu. Mzigo wa biashara wa mpagazi ulikuwa kwa kawaida kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70, au kilo 32 hivi. Hizo ni kilo za nguo, shanga, au pembe, mali ya tajiri. Posho yake mwenyewe ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kama ratili moja na nusu, karibu kilo 0.7. Ikiwa mbele yake kuna pori la siku kumi lisilo na kijiji, atachukua kilo 7 za nafaka. Maji nayo: mtu atembeaye juani amebeba mzigo huhitaji lita nne hivi kwa siku, na lita moja ya maji ni kilo moja. Ikiwa visima vya siku mbili vimekauka, ongeza kilo 8. Tumefika kilo 47, wala hatujataja ngozi au mkeka wa kulalia, mkuki au bunduki, na zamu yake ya kubeba chungu cha kambi. Neno kambi katika msafara lilitumika pia kwa kundi dogo la watu waliopika na kula pamoja, chungu kimoja.

Hapo ndipo utakapoona kwamba chombo chenyewe ni jambo kubwa. Kila ratili ya chombo ni ratili iliyoibwa katika chakula. Mtu akichukua maji katika mtungi wa udongo, anabeba mtungi kwanza, ndipo anabeba maji. Na akijikwaa juu ya mzizi saa nne asubuhi, hana mtungi wala maji, na kisima kiko kesho.

Vita viliongeza uzito huo. Burton alipopita Rubuga aliona nchi yenye watu na chakula cha kununua. Mwaka 1871 alipopita Henry Stanley, akielekea Kwihara karibu na Tabora, aliikuta Rubuga imebomoka kwa sababu ya vita. Kwa mfalme aliyepigana, huko ni kushinda au kushindwa. Kwa mpagazi maana yake ilikuwa nyingine: mahali alipozoea kununua mtama na kujaza maji pamekuwa magofu, kwa hiyo mzigo wa mgongoni mwake unazidi. Nadhani hatukufundishwa vya kutosha kuisoma historia kwa njia hii, kwa mabega ya watu.

Basi tuanze na kibuyu, maana ndicho chombo cha kwanza cha njia ile. Wengi wenu mwajua kinavyotengenezwa, lakini wako vijana wa mjini wasiojua, tuwaeleze. Buyu la mmumunye huachwa likomae hata ganda liwe gumu. Hukatwa shingoni, hutiwa maji, na huachwa siku kadhaa hata nyama ya ndani ioze. Kisha hutiwa vijiwe na kutikiswa, uchafu humwagwa, na ganda hukaushwa vizuri. Kifuniko chake ni gunzi la hindi au kishungi cha majani. Likipata ufa, hutobolewa vitundu pande mbili za ufa, hushonwa kwa uzi wa gome, na mshono hupakwa nta. Unyamwezi ni nchi ya nyuki, nta haikuwa haba. Kwa hiyo chombo hiki kilimea shambani bila gharama, kilikuwa chepesi hata mtoto aliweza kukichezea, kiliweza kuanguka bila kuvunjika, na kikipasuka kilitiwa viraka kama shati. Kikivikwa wavu wa kamba kilining'inizwa begani au kwenye mzigo, mikono ikabaki mitupu. Mimi binafsi sijaona chombo cha dukani kilichotimiza mambo hayo yote pamoja.

Kichwani palikuwa na chombo kingine kidogo ambacho watu hawakihesabu kuwa chombo: ngata, ambayo pwani huitwa kata. Ni duara la nguo, majani, au nyasi zilizosokotwa, huwekwa utosini chini ya mzigo. Fanya jaribio hili katika kikundi chenu. Weka kitabu kizito juu ya kichwa cha mwenzako, kisha weka tena juu ya ngata. Ataona tofauti mara moja. Fuvu la mtu ni mviringo, na chini ya chungu ni mviringo. Mviringo juu ya mviringo hugusana mahali padogo tu, uzito wote ukakaa hapo, tena hauna kituo. Ngata hugeuza utosi kuwa kiti. Hueneza uzito, huzuia chungu kisiyumbe, na ikiwa ya majani mabichi hupunguza joto la chungu kilichotoka motoni.

Wanawake wa Unyamwezi walikuwa na jibu pia kwa maji yanayochezacheza. Chombo kilichojaa, kinywa wazi, kikibebwa kwa mwendo wa haraka, maji hupigana na kingo na kumwagika. Waliweka tawi dogo lenye majani juu ya maji. Majani hayo huyavunja mawimbi kabla hayajakua, na mwanamke hufika nyumbani shingo yake kavu. Desturi hiyo imeenea pengi katika Afrika ya Mashariki, na wako wanaoifuata hata leo. Nawataja wanawake kwa kusudi. Katika vitabu vya wasafiri utaona picha za wapagazi wanaume, lakini wake na watoto wa Wanyamwezi waliandamana mara nyingi na misafara, na vyungu, unga, na moto wa jioni vilikuwa mikononi mwao. Pasipo hao mpagazi angelala na nafaka mbichi.

Tuje sasa kwenye mzega. Mzega ni mti ubebwao begani, mzigo mmoja mbele na mmoja nyuma. Mtu asiyeutumia hudhani ni kazi ya nguvu tu. Kumbe ni mizani. Pande mbili zikilingana, bega hubeba uzito bila kupindana na mwili. Upande mmoja ukizidi, mchukuzi husogeza mti kidogo mpaka zilingane tena, bila kufungua kamba. Na mti ukiwa na ulaini kidogo hupanda na kushuka pamoja na hatua zake, bega lisipigwe. Kuna jambo jingine. Njia ya msafara haikuwa barabara. Ilikuwa kijia cha mtu mmoja nyuma ya mwenzake, kikijipinda kati ya miti. Mzigo uliowekwa mgongoni kwa upana ungekwama vichakani, lakini mzega hulala sawa na njia, mbele na nyuma, ukapita pale apitapo mwenyewe. Shida yake ilikuwa kwenye kona kali, na hapo ulisikia matusi. Kitu kizito mno, kama pembe kubwa ya ndovu, kiliwekwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili, mmoja kila upande, na huo waliuita mzegazega.

Hata mtumba wa nguo uliundwa kwa akili. Ulifungwa mrefu kama mto wa kulalia, umezungukwa na vijiti, na baadhi ya vijiti hivyo viliachwa vitokeze chini. Mpagazi akitaka kupumzika aliusimamisha, akauegemeza kwenye mti. Haukulala juu ya unyevu wala hauliwi na mchwa upesi, na kuuchukua tena hakulazimika kuinama hadi chini. Aliingiza bega akainuka. Mtu aliyepata kubeba gunia la mahindi kutoka sakafuni anajua ukubwa wa neema hiyo.

Lakini chombo ninachokipenda kuliko vyote ni lindo, au likiwa dogo, kilindo. Ni kasha la mviringo la gome la mti. Misitu ya Tabora ni misitu ya miyombo, na magome yake huvuliwa vipande vizima, hasa maji ya mti yakiwa yamepanda. Fundi hukata gome duara mahali pawili, juu na chini, hulipasua kwa urefu, hulibandua, halafu hulikunja tena lirudie umbo lake la mviringo, na kulishona kwa kamba za gome lile lile. Chini hushonwa kipande cha gome, na juu kifuniko. Mafundi walitengeneza malindo makubwa ya kuwekea nafaka ndani ya nyumba, na vilindo vidogo vya safari kwa ajili ya unga, chumvi, nguo, na vitu vya thamani. Hakuna msumari hata mmoja. Panya huona kazi, mvua huteleza, na likigongwa halivunjiki. Namna hiyo hiyo ya kuvua gome ndiyo iliyotengeneza mizinga ya nyuki. Ni haki kusema pia kwamba mti uliovuliwa gome kuuzunguka hufa, na ndiyo sababu siku hizi wafugaji wa nyuki hushauriwa kutumia mizinga ya mbao. Ustadi ulikuwa mkubwa, na bei yake ililipwa na mti.

Sikiliza jinsi watu wa misafara walivyoliamini gome. Daktari Livingstone alipokufa kwa Chitambo mwaka 1873, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Chuma na Susi na wenzao waliamua kuuchukua mwili wake mpaka pwani. Waliukausha, wakaufunga kwa nguo, wakauingiza ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima kama bomba, wakalishona kwa turubai, wakalifunga kwenye mti wa kubebwa na watu wawili. Wakafika hivyo Unyanyembe. Walipoondoka Unyanyembe na kukuta njiani watu wanaokataa maiti isipite, walitoa mwili ndani ya gome, wakaufunga upya ukafanana na mtumba wa kawaida wa nguo, na ukapita. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Ujuzi uliotumika ni ule ule wa lindo la unga, mzegazega, na mtumba. Haukutoka kwenye kitabu chochote cha Uingereza.

Msafara ukitua, chakula huandaliwa. Pombe ya mtama ilinywewa Unyamwezi katika sonzo, yaani bakuli la nyasi zilizosukwa. Mgeni huona bakuli la nyasi akadhani ni la kutilia karanga. Akitiliwa pombe ndani yake hushangaa haivuji. Siri yake ni kusuka kwa kukaza sana, duara juu ya duara, na zaidi ya hapo nyasi zikilowa huvimba na kuziba penyo zilizobaki. Kwa hiyo chombo hiki hujiziba chenyewe kwa kile kile kinachojaribu kutoka. Umbo lake ni pana juu na jembamba chini, nao waliyatia urembo wa nyasi za rangi. Mabakuli ya namna hiyo huingiana, moja ndani ya jingine, na rundo zima hubebwa kwa mkono mmoja. Viwanda vyetu vya plastiki vimegundua jambo hilo hilo kwa vikombe, wakaliita la kisasa.

Kazeh kulikuwa na desturi nyingine. Waarabu waliokaa hapo waliletewa vitu vya pwani kwa misafara, kama kahawa, sukari, na viungo, na pamoja navyo vyombo vya kuandalia. Ndipo bara lilipozoea sinia la chuma. Neno hili la sinia tumelipata kwa Kiarabu, na kwa asili yake maana yake ni kitu cha Uchina. Sinia lina fadhila moja: ni meza inayotembea. Huwekwa chini juu ya mkeka, watu hulizunguka, na kula kwa mkono wa kuume, kila mtu upande wake. Watu wa pwani walikuwa nacho pia chano, sahani kubwa ya mti yenye ukingo mfupi, na kawa, kifuniko cha ukindu kilichosukwa mfano wa pia. Kawa hukinga nzi na vumbi, na kwa kuwa ni la kusuka huachia mvuke utoke kidogo. Wali haurudi kuwa na maji kama ufunikwapo kwa bati. Kwa kahawa kulikuwa na dele, ambalo wauza kahawa wa pwani hulibeba hata leo likiwa juu ya jiko lake la makaa, mkono mmoja, na mkono wa pili ndoo ya vikombe. Duka zima mikononi mwa mtu mmoja.

Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871, wakubwa wa Tabora walimkaribisha kwa chakula. Ameandika kwamba kililetwa na watu wakifuatana: mmoja na sahani kubwa ya wali, mwingine bakuli la kuku wa mchuzi, mwingine mikate ya ngano, wengine mapapai, makomamanga, na malimau. Ni habari ya kupendeza mpaka utazame nani walibeba. Walikuwa watumwa. Njia ile ile iliyopitisha kahawa na sinia ilipitisha watu waliofungwa, na mkono uliotandika chakula mbele ya mgeni mara nyingi haukuwa mkono huru. Somo hili lingekuwa la uongo kama tungesifu sinia tukanyamaza juu ya hilo.

Kabla sijaliacha jambo la Stanley, nikupe kituko kimoja. Alipokutana na Livingstone Ujiji, mwishoni mwa 1871, alitoa chupa ya shampeni na vikombe vya fedha, wakanywa. Chupa ile ilitoka pwani ikapita njia hii yetu, ikavuka Mgunda Mkali, ikafika ziwani bila kuvunjika. Dunia nzima imesimuliwa maneno waliyosalimiana mabwana hao wawili. Mimi nawaza bega lililobeba kioo na kinywaji chenye kishindo ndani yake, miezi mingi, likakifikisha kizima.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Misafara ikaisha, lakini kubeba hakukuisha. Stesheni za Reli ya Kati zikawa soko la madirishani: wauzaji husimama chini, sinia au ungo kichwani juu ya ngata, ndizi, mayai, kuku, karanga, na urefu wa mtu pamoja na kimo cha ngata na sinia huwa karibu sawa na dirisha la behewa. Abiria hunyosha mkono tu. Nani aliyepima vipimo hivyo? Hakuna aliyepima, vilikutana.

Na kulikuja debe. Mafuta ya taa yalipoanza kuletwa katika mabati ya galoni 4, yaani lita 18, watu walinunua mafuta kwa ajili ya taa wakabaki na bati kwa ajili ya maisha. Bati lilitiwa kipande cha mti juu kiwe mpini, mawili yakatundikwa kwenye mzega, na mchukuzi wa maji wa mjini akapata kazi. Zidisha mwenyewe: lita 36, kilo 36, kuliko frasila mbili za mpagazi wa Burton. Debe likatumika kupimia mahindi, likakatwa likawa sinia, kibatari, jiko. Mafundi bati wetu hawakuambiwa na mtu wafanye hivyo.

Sasa kazi ya kikundi chenu kwa juma hili. Mmoja wenu amtafute mzee, mwanamume au mwanamke, aliyepata kuona lindo, sonzo, au mzega ukitumika, amwombe aeleze jina la chombo katika lugha ya kwao, mti au nyasi iliyotumika, na nani aliyekuwa fundi wake. Andikeni majina hayo yote, hata kama hayafanani na niliyotaja mimi, maana kila kijiji kina lake. Kisha pimeni kwa mizani kibuyu kitupu, chungu kitupu, na ndoo ya plastiki tupu vya ukubwa mmoja, muone vinavyopishana. Mwenye kibuyu asikitupe. Juma lijalo tutakihitaji, tutakapozungumza habari za chumvi ya Uvinza na jinsi ilivyofungwa kwa safari.